Mzigo Mzito Hujenga, Mzigo Mzito Huvunja

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja dogo. Keti kwenye kiti au benchi. Kunja mikono yako kifuani. Sasa simama bila kushika meza, wala goti, wala bega la mjukuu. Keti tena, simama tena. Fanya hivyo mara tano.

Umeweza? Kama umeweza bila taabu, miguu yako bado ina nguvu. Kama ulijirusha mbele, au ulishika goti ukasema "Yarabi", makala haya yanakuhusu. Kama umeshindwa hata mara moja, usiogope. Yanakuhusu zaidi.

Tumeanza na kiti kwa sababu ya bibi mmoja wa Handeni. Tulimkuta tulipokuwa tukitembelea madarasa ya kisomo. Umri wake ni miaka sabini na kidogo. Jina lake hatulitaji, maana mambo yenyewe ni ya chooni. Miaka ya nyuma bibi huyu alikuwa akijitwika debe la maji kutoka lamboni, mwendo wa saa nzima, na njiani anapiga soga na wenzake. Watoto wake walipopata uwezo walimjengea nyumba ya bati, wakamwekea tangi la maji ya mvua, wakamwambia, "Mama, umeteseka vya kutosha. Sasa pumzika." Mama akapumzika. Kwa miaka mitatu akawa mtu wa mkeka barazani. Maji analetewa, chakula analetewa, kuni hazimhusu.

Usiku mmoja alikwenda chooni. Akachuchumaa. Alipotaka kunyanyuka, miguu ikakataa. Aliita, lakini watu walikuwa wamelala. Akakaa humo mpaka alfajiri, mjukuu alipokwenda kujisaidia akamkuta. Zahanati walimpima presha, wakampima sukari, wakampima malaria. Hakuna kitu. Bibi hakuwa mgonjwa. Miguu yake ilikosa kazi, basi.

Watoto wale si wabaya. Walifanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya kwa mama zetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wazee wetu kuchimba vyoo, nao wakachimba nchi nzima. Lakini hakuna aliyetufundisha namna ya kuhakikisha kwamba mtu akizeeka ataweza kunyanyuka humo chooni. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya nguvu za mwili, zinavyojengwa na zinavyopotea.

Nguvu haziwekwi akiba

Watu wengi wanafikiri nguvu ni kama fedha. Ukizitumia zinakwisha, ukizitunza zinabaki. Ndiyo maana mzee anaambiwa akae, na mtu mwenye umri wa miaka hamsini anaanza kumtuma mtoto hata kumletea kiti. Nguvu hazifanani na fedha. Zinafanana na njia ya kwenda shamba. Njia inayopitwa kila siku haioti majani. Ukiacha kuipita masika moja tu, utaitafuta kwa panga.

Wasomaji wetu wa Korogwe wanaujua mkonge, kwa hiyo watatuelewa upesi. Uzi mmoja wa mkonge unaukata kwa vidole. Nyuzi nyingi zikisokotwa pamoja zinakuwa kamba ya kufungia dume la ng'ombe. Msuli nao ni nyuzi nyembamba nyingi zilizolala pamoja. Unaponyanyua kitu kizito kuliko ulivyozoea, nyuzi hizo zinapata taarifa kwamba kazi imeongezeka. Halafu, wakati umelala na umekula, mwili unazinenepesha. Angalia hapo: msuli haukui wakati wa kunyanyua. Unakua wakati wa kupumzika baada ya kunyanyua. Bila mzigo hakuna taarifa, bila chakula na usingizi hakuna ujenzi.

Mifupa nayo ni hivyo hivyo. Mfupa ukibebeshwa unakuwa mgumu, ukiachwa bila kazi unapungua na kuwa mwepesi. Mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi akijikwaa kidogo tu anavunjika nyonga, na wengi mnajua habari ya nyonga iliyovunjika inavyokwisha huku vijijini.

Tena jambo jingine ambalo watu hawalijui. Katika wiki za kwanza nguvu zinaongezeka upesi, na hali msuli bado haujanenepa. Kwa nini? Kwa sababu ubongo unajifunza kuziita nyuzi nyingi kwa pamoja. Kumbukeni siku ya kwanza mlipoingia darasani. Kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe, jasho linatoka kwa kuandika herufi moja. Baada ya mwezi kalamu ikawa nyepesi. Je, mkono ulinenepa? Haukunenepa. Ulijifunza.

Kupotea nako kuna utaratibu wake. Kuanzia umri wa miaka thelathini na kitu misuli inaanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 inapungua kwa haraka zaidi, hasa kwa mtu anayekaa. Lakini je, mzee anaweza kuirudisha? Mwaka 1990 madaktari wa Boston, huko Marekani, walichapisha habari za wazee 10 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Walikuwa watu dhaifu. Waliwapa mazoezi ya kuinua mizigo kwa miguu, kwa wiki 8. Na hawakuwapa mizigo ya kuchezea. Waliwapa mizigo iliyokuwa mizito kweli kwa kila mmoja. Wazee 9 walimaliza. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Tuifanye hesabu hiyo pamoja, maana asilimia zinawasumbua wengi. Chukua mzee aliyekuwa akiinua kilo 10. Asilimia 174 ya kilo 10 ni kilo 17 na kidogo. Ongeza juu ya zile 10. Sasa anainua kilo 27 na kidogo. Mzee wa miaka 90!

Kuna habari nyingine ya mwaka 2015. Wachunguzi walipima nguvu za kiganja za watu karibu 140,000 katika nchi 17, zikiwamo Zimbabwe na Afrika Kusini. Mtu anashika chombo, anakiminya kwa nguvu zake zote, chombo kinaonyesha kilo. Kisha wakawafuata kwa miaka kadhaa. Wale wenye viganja dhaifu walikufa zaidi kuliko wenye viganja imara, na kiganja kilitabiri vifo vizuri zaidi kuliko kipimo cha presha. Hapa tusikosee. Kuminya jiwe hakumwongezei mtu siku za kuishi. Kiganja ni dirisha tu la kuchungulia hali ya mwili mzima.

"Sisi tunalima, mazoezi ya nini?"

Swali hili tumeulizwa kila tulipopita, na mara nyingi na watu wanaotoka shamba wakiwa na jembe begani. Ni swali la haki. Mzee mmoja upande wa Mkata alituambia mazoezi ni ya watu wa mjini wanaokula chipsi.

Jibu letu ni hili. Kama wewe unabeba magunia kutwa, au unapasua mbao, au unakata mkonge na kubeba matita, hatukwambii ukanyanyue vyuma jioni. Wewe unahitaji usingizi na chakula, na unahitaji kujua namna ya kunyanyua bila kuumia. Tutafika huko.

Lakini si kila mtu kijijini ni huyo. Kijana wa bodaboda anakaa juu ya pikipiki tangu asubuhi. Fundi cherehani anakaa. Mwenye duka anakaa. Sisi walimu tunasimama, lakini kitu kizito tunachobeba ni chaki. Mama aliyevutiwa bomba karibu na nyumba ameondokewa na taabu kubwa, nasi tunafurahi naye, kwa maana Handeni shida ya maji inajulikana tangu enzi za mababu. Hata hivyo ameondokewa pia na kazi iliyokuwa ikimjenga, na hakuna iliyoingia mahali pake.

Na mkulima mwenyewe je? Jembe linajenga pumzi na uvumilivu. Lakini jembe ni lilelile, uzito wake ni uleule, leo na mwaka kesho. Mwili umekwisha kulizoea, hauna sababu ya kuongeza kitu. Tena unalima umeinama, kwa hiyo mgongo unachoka wakati mapaja yamekaa tu. Ndiyo sababu unamwona mtu analima nusu eka bila kutweta, lakini kuinua gunia kutoka chini kunamshinda, au kunamvunja.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Linashauri watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, wafanye kazi au mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea. Siku mbili tu. Msuli wenye kazi unatumia sukari nyingi ya damu, kwa hiyo na watu wenye kisukari wanashauriwa hivyo hivyo.

Mzigo unaovunja

Sasa tuutazame upande wa pili, maana tusiposema ukweli huu tutakuwa tumewadanganya.

Mwezi wa Juni mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliwafuata Wajerumani katika bonde la Pangani. Lilipita Mombo, likapita Korogwe, likaingia Handeni. Ni barabara hizi hizi zetu. Pande zote mbili zilitumia wapagazi Waafrika kubeba risasi, unga na mahema. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kutokana na jina hilo ndipo tukapata Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi walikufa kwa maelfu na maelfu katika vita ile. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara, malaria, na kubeba mzigo kila siku bila chakula cha kutosha na bila kupumzika.

Hawakuwa watu legelege. Zamani za misafara ya pembe mpagazi alikuwa akibeba kilo 30 hivi kutoka bara hadi Pangani au Bagamoyo, na kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Lakini wale wa 1916 walinyimwa vile vitu viwili tulivyovitaja, chakula na mapumziko. Mzigo ambao ungewajenga uliwamaliza.

Leo hatuna vita, lakini tuna lumbesa. Gunia la kilo 100 linajazwa, linaongezwa kilemba juu, na kijana mmoja analibeba mgongoni hadi kwenye lori. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo anaobebeshwa mwanaume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi. Gunia lisilo na kilemba tayari ni karibu mara mbili ya huo. Lumbesa imepigwa marufuku kwa sababu inamwibia mkulima, na sisi tunaongeza kwamba inamwibia pia kuli mgongo wake. Tunawajua vijana waliotoka sokoni wakiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, wanatembea kwa kushika kiuno. Wenye mazao, kama mnatusoma, mizani ipo. Fungeni magunia mawili ya kilo 50. Kijana atabeba mara mbili na jioni atarudi kwake akiwa mzima.

Na akina mama? Mwaka 1986 gazeti la kisayansi la Uingereza liitwalo Nature lilitoa habari iliyowashangaza wataalamu. Wachunguzi walikwenda Kenya wakapima pumzi za wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walikuta kwamba wanawake hao wanaweza kubeba mzigo hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu! Askari wakibebeshwa mizigo mgongoni hawawezi hivyo. Baadaye, mwaka 1995, ilielezwa kwamba siri iko kwenye mwendo. Mwili unakwenda kama bembea, hatua moja inaisukuma nyingine. Ni ufundi unaoanza utotoni.

Lakini fanya hesabu. Mama mwenye kilo 60, gawanya kwa 5, unapata kilo 12. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bila ndoo yenyewe. Zile kilo 8 za juu analipa kwa jasho lake, na shingo inalipa pia. Utafiti wa Limpopo, Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 2010, ulikuta maumivu mengi ya shingo na mgongo kwa wabeba maji. Ufundi upo, na mpaka wake upo.

Namna ya kunyanyua

Chukua jembe. Lishike karibu na kifua chako. Ni jepesi. Sasa nyoosha mkono mbele, ulishike ncha ya mpini. Limekuwa zito, siyo? Jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni umbali. Kila kitu unachokibeba mbali na mwili, mgongo unakihesabu kuwa kizito mara nyingi zaidi. Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna vikalio laini vinavyozuia mifupa isisagane. Ukiinama kwa kukunja mgongo na mzigo uko mbali, vikalio hivyo vinabanwa upande mmoja. Siku moja kimoja kinachomoza na kugusa mshipa wa fahamu, na maumivu yanashuka mpaka mguuni.

Mmoja wetu hapa ofisini amepatwa na mambo haya. Alikuwa akihamisha boksi la vitabu vya kisomo. Halikuwa hata boksi kubwa. Aliinama, akalivuta, akageuka nalo kwa kiuno bila kusogeza miguu. Akalala chali wiki tatu. Ndiye anayeshika kalamu sasa.

Kwa hiyo, kwanza usogelee mzigo, miguu iwe pande zake mbili ukiweza. Achanisha miguu kwa upana wa mabega. Shuka kwa magoti na nyonga, matako yarudi nyuma kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda. Mgongo ubaki umenyooka. Shika mzigo, uvute karibu. Kaza tumbo, kama mtu anayengoja kupigwa ngumi. Sasa sukuma ardhi kwa miguu, usimame. Ukitaka kugeuka, geuka kwa hatua, kiuno kisizunguke. Kutua ni hivyo hivyo, na watu wengi wanaumia wakati wa kutua kwa sababu wanafikiri kazi imekwisha.

Mzigo wa kichwani usijitwike peke yako kama kuna mtu karibu. Desturi yetu ya kutwishana na kutuana ni nzuri. Ngata iwe nene, shingo iwe wima.

Kujijengea nguvu nyumbani

Huhitaji kununua vyuma. Vijana wengi mijini wanajaza zege kwenye makopo mawili ya rangi, wanapitisha bomba la chuma katikati, wananyanyua. Ni vizuri, ingawa tumewaona wanajenga vifua na mikono tu, miguu imebaki kama ya korongo. Wewe anza na miguu, maana ndiyo inayokupeleka kila mahali, chooni pakiwamo.

Ndoo ni kifaa kizuri kuliko vyote, kwa sababu inapimika. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Ukitia lita 5 una kilo 5 na uzito wa ndoo. Leo lita 5, wiki ijayo lita 6. Hakuna chuma cha dukani kinachoongezeka taratibu namna hiyo. Ukizidi nguvu tia mchanga, ni mzito kuliko maji. Ndoo ya mchanga ya lita 10 ina kilo 15 au zaidi.

Inua ndoo kutoka chini kama tulivyoeleza, simama wima, ishushe. Tafuta uzito ambao unaweza kuuinua mara 8, na mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Pumzika dakika mbili tatu. Rudia, kisha rudia tena. Siku utakapofika mara 12 bila kusumbuka, ongeza lita. Kama mara 12 ni rahisi na huongezi, unapitisha muda tu, hujengi kitu. Baadaye ketini na kusimama huku umekumbatia mzigo kifuani. Halafu shika ndoo mbili, moja kila mkono, utembee hatua thelathini. Kwa kifua na mikono, sukuma ukuta. Ukizoea, sukuma ardhi, kama tulivyokuwa tukifanya shuleni baada ya mchakamchaka.

Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku pawe na mapumziko. Wakati wa palizi na mavuno acha, kazi ya shamba inatosha. Na ule. Si ugali na mchicha pekee. Msuli unajengwa na maharage, kunde, choroko, dagaa, mayai, na maziwa kwa wale walio karibu na wafugaji. Bakuli la kunde kila siku linafanya kazi kubwa kuliko kipande cha nyama cha sikukuu.

Tena wewe unajua kuandika. Chukua daftari, andika tarehe, lita na mara ulizoinua. Kwa mfano: "Jumatatu. Lita 8. Mara 10, mara 9, mara 7." Bila daftari utajidanganya. Sote tunajidanganya.

Wako wanaosema mwanamke akinyanyua vitu vizito atakuwa na mwili wa mwanaume. Mwili wa mwanamke hauna vichocheo vya kutosha vya kuufanya hivyo. Atakuwa na nguvu, basi.

Yule bibi wa Handeni alianza bila ndoo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimama kutoka kwenye kiti kilichowekewa mto ili kiwe kirefu, mjukuu amesimama mbele yake asianguke. Mara 5, asubuhi, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki kadhaa mto ukaondolewa. Baadaye kiti kikabadilishwa, kikaletwa kigoda. Ndipo akapewa ndoo ndogo yenye lita 2. Tulipopita tena miezi minne baadaye alikuwa na lita 6, na chooni anakwenda mwenyewe. Watoto wake bado hawapendi. Wanasema majirani watafikiri wamemtelekeza mama yao.

Wapo wanaopaswa kufika zahanati kwanza kabla ya kuanza. Mwenye presha ya juu, na mwenye maumivu ya kifua. Mwenye ngiri. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Mama mjamzito asianze mizigo mizito mipya, na aliyejifungua asiharakishe kubeba ndoo zilizojaa, maana kizazi kinaweza kushuka. Hili tunawaambia hasa waume na mama wakwe. Wakati wa kuinua usizuie pumzi kwa muda mrefu. Toa pumzi unaposimama. Misuli kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida, itapoa. Lakini maumivu makali ya ghafla, au yanayoshuka mguuni, au ganzi, au kifua kubana, tua ndoo papo hapo uende kwa mganga wa zahanati, na daftari lako ulichukue, aone ulikuwa unabeba kiasi gani.